Kitabu cha anayesoma nyumbani lazima kishike nafasi ya mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, walezi, wauzaji wa vitabu na wote wenye dhamana ya kuvichapisha, kuhusu vijana wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, yaani QT ambao asiyepitia sekondari hutakiwa kuufaulu kwanza, na ule wa Kidato cha Nne wakiwa nyumbani. Kila mara usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unapokaribia, familia nyingi hukimbilia kununua vitabu, na vingi vinavyonunuliwa havimfai kijana asiye na mwalimu. Matokeo yakitoka mabaya, lawama humwangukia kijana kwamba hana akili au ni mvivu, na hakuna anayerudi kuvitazama vile vitabu alivyopewa.

Nimefundisha Hisabati katika shule za sekondari hadi kustaafu, na sasa majirani hapa Morogoro hunijia na watoto wao pamoja na mifuko ya vitabu, wakitaka niwaambie kama wamenunua sawasawa. Wanaokuja ni wa aina nyingi. Wapo mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito ambao, ingawa tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi katika mfumo rasmi, wana mtoto mchanga wa kunyonyesha na hawawezi kukaa darasani kutwa nzima. Wapo vijana wenye maradhi ya muda mrefu, kama selimundu, ambao hulazwa mara kwa mara hata shule ikawashinda. Wapo waliomaliza darasa la saba wakaingia kwenye biashara au ufugaji, wakazinduka wakiwa na miaka kumi na saba. Wapo pia wachache ambao wazazi wao wameamua kwa hiari kuwafundisha nyumbani, na kwa hao nasema waziwazi kwamba sishabikii uamuzi huo palipo na shule nzuri karibu, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari ya kawaida katika shule za umma haina ada. Lakini huyo kijana akishakuwa nyumbani, kwa sababu yoyote ile, anastahili kuandaliwa vizuri kama mwenzake aliye darasani.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba kuna vitabu vinavyofundisha na kuna vitabu vinavyokumbusha. Kitabu kinachofundisha humchukua msomaji asiyejua jambo, kikamweleza kwa nini liko hivyo, kikamwonyesha mfano hatua kwa hatua, kikampa mazoezi mepesi kabla ya magumu. Kitabu kinachokumbusha kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufundishwa, ambaye anataka kupitia haraka haraka wiki chache kabla ya mtihani. Vitabu vya aina hii ya pili ndivyo vilivyojaa sokoni: vijitabu vya maswali na majibu, notsi za fotokopi zilizobanwa kwa springi, na mihtasari ya mada zote za miaka minne katika kurasa mia moja na hamsini. Bei yake ni nafuu, vinabebeka, na jalada huahidi daraja la kwanza. Mwanafunzi wa shule anaweza kufaidika navyo, kwa sababu mwalimu alikwisha kumpitisha. Kijana wa nyumbani hakupitishwa na mtu.

Nitoe mfano mmoja wa somo langu. Kijana mmoja aliniletea kijitabu cha Hisabati chenye swali la mlinganyo wa kwadratiki, x² − 5x + 6 = 0, na chini yake jibu limeandikwa kwa mstari mmoja tu: x = 2 au x = 3. Aliyekuwa darasani anajua jibu hilo limetoka wapi, kwani alimwona mwalimu ubaoni akitafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 6 na zikijumlishwa zinaleta −5, akapata −2 na −3, kisha akaandika mabano mawili na kuyasawazisha na sifuri moja baada ya jingine. Kijana wangu alikuwa amelikariri jibu. Nilipompa 2x² − 5x − 3 = 0 alikaa kimya, kwa sababu sasa kuna 2 mbele ya x² na hakuna mahali popote katika kijitabu chake palipomweleza kwamba hapo anapaswa kwanza kuzidisha 2 kwa −3, atafute namba mbili ambazo zao lake ni −6 na jumla yake −5, yaani −6 na 1, kisha aigawe sehemu ya katikati kwa namba hizo. Tulikaa pamoja nusu saa, akaelewa, akafanya mengine mwenyewe. Tofauti ya kujua na kutojua ilikuwa ni hatua nne ambazo mwandishi wa kijitabu aliziruka ili kuokoa karatasi.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kununua, hata kama yeye mwenyewe hakwenda mbali na masomo, anaweza kukipima kitabu kabla ya kutoa pesa. Amwambie kijana achague mada asiyoijua kabisa, asome kurasa zake peke yake pale pale dukani au maktaba, kisha ajaribu maswali matatu ya mwanzo bila kutazama majibu. Akiweza angalau moja na akaweza kueleza alifikaje, kitabu hicho kinafundisha. Akishindwa yote huku kila kilichoandikwa akikiona ni cha kukariri, akirudishe kwenye rafu, jalada liwe na ahadi gani. Vilevile atazame nyuma ya kitabu kama kuna majibu ya mazoezi, kwa kuwa shuleni mwalimu ndiye anayesahihisha, ilhali nyumbani kijana asiye na majibu ataendelea na kosa lilelile hadi siku ya mtihani.

Mahali pa kuanzia ni vitabu vya kiada vinavyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Najua wapo watakaonikumbusha makosa ya vitabu hivyo yaliyopigiwa kelele hadi bungeni mwaka 2017, na ni kweli yalikuwapo na yalituaibisha sisi walimu. Hata hivyo kitabu cha kiada kinafuata muhtasari wa somo, yaani orodha rasmi ya mada zinazopaswa kufundishwa, mada kwa mada, na hilo ni jambo ambalo kijitabu cha mtaani hakiwezi kuahidi. Vitabu hivyo vinasomeka bila malipo katika maktaba mtandao ya TET kwa mwenye simu janja na bando, ingawa kusoma jiometri kwenye kioo cha simu ni adha, na mimi hushauri familia zinunue nakala ya karatasi ya Hisabati na ya masomo ya sayansi, kisha masomo mengine wayasome kwenye simu kama fedha haitoshi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina moduli za sekondari zilizoandikwa mahsusi kwa wanaojisomea nje ya shule, na ninashangaa ni wazazi wachache kiasi gani wanaojua kuwa zipo. Mkoani kuna ofisi za taasisi hiyo, na safari moja ya kwenda kuuliza huokoa fedha nyingi.

Hapa ndipo penye jambo linalonitia wasiwasi zaidi mwaka hadi mwaka. Nchi yetu iko katikati ya kubadili mitaala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitolewa upya kwa toleo la 2023, na mitaala iliyoboreshwa imekuwa ikiingia kwa awamu tangu Januari 2024. Katika sekondari limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na Elimu ya Biashara imekuwa somo la lazima katika mkondo wa jumla, yaani ule usio wa amali. Wakati huohuo vitabu vya mtaala wa zamani vingali vimepangwa kwenye meza za wauza vitabu vya mitumba na hata kwenye maduka ya steshenari, vikiwa na majalada yanayong’aa. Mwanafunzi wa shule halimhusu sana jambo hili, kwa kuwa shule ndiyo inayopokea nyaraka na kugawa vitabu. Kijana wa nyumbani ananunuliwa kitabu cha Uraia cha kaka yake wa mwaka 2015 kwa sababu ni cha bei rahisi na hakijachanika, na hakuna wa kumwambia kama mtihani atakaoufanya bado unafuata muhtasari huo au umekwisha kuuacha.

Ushauri wangu kwa mzazi ni kwamba asinunue kitabu hata kimoja kabla ya kwenda katika kituo anachokusudia kumsajili mtoto wake na kuuliza maswali mawili: mtihani wa mwaka atakaoufanya utatungwa kwa muhtasari upi, na fomati ya kila somo, yaani mpangilio wa karatasi yake ya mtihani, ni ipi. Fomati hizo Baraza la Mitihani huziweka wazi katika tovuti yake. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua orodha ya vitabu. Kufanya kinyume chake, yaani kununua kwanza na kuuliza baadaye, ndiko kunakojaza nyumba zetu vitabu visivyofunguliwa.

Fomati si jambo dogo. Katika karatasi za zamani za Hisabati ya Kidato cha Nne, sehemu B ilikuwa na maswali sita na mtahiniwa alichagua manne. Baadaye fomati ilibadilika, ikawa na maswali kumi sehemu A na manne sehemu B, na yote ni ya lazima. Nimewahi kuona vijana waliofanya mazoezi kwa miaka miwili wakitumia mkusanyiko wa karatasi za kale, wakajizoeza kuziruka mada mbili wanazoziogopa kwa kutegemea uhuru wa kuchagua, wakaingia kwenye chumba cha mtihani na kukuta uhuru huo haupo. Mkusanyiko wa mitihani iliyopita ni kitu kizuri sana, lakini uwe wa miaka ya karibuni, na uje baada ya kitabu cha kiada, usikitangulie.

Na kuna hazina moja ambayo ningependa kila nyumba yenye mtahiniwa iijue. Baada ya kila mtihani, Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na taarifa hizo hupatikana bure mtandaoni. Ndani yake kila swali limechambuliwa: lilipima nini, asilimia ngapi ya watahiniwa walilimudu, wapi walikosea na kwa nini. Zimewekwa hata picha za kurasa halisi za watahiniwa, moja ya aliyejibu vizuri na nyingine ya aliyejibu vibaya, kwa mwandiko wao wenyewe. Somo zima limepangwa kwa rangi, kijani kwa mada zilizofanywa vizuri, njano kwa za wastani, nyekundu kwa zilizofanywa vibaya, yaani chini ya asilimia 30. Kijana anayesoma peke yake hana mwenzake wa kulinganisha naye daftari, hajui jibu zuri la insha ya Jiografia linafanana na nini, wala hajui msahihishaji anatafuta nini. Taarifa hizi zinampa hayo yote. Mimi mwenyewe nilipokuwa kazini nilizitumia kuandaa vipindi, na ninaamini zina thamani kuliko vijitabu kumi vya maswali na majibu vinavyouzwa kwa jina la maandalizi.

Lugha nayo isisahauliwe. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na vitabu vya sekondari vya Kiingereza. Shuleni kuna kozi ya mwanzo ya kumvusha, na mwalimu wa Baiolojia hurudia kwa Kiswahili pale anapoona nyuso zimeduwaa. Nyumbani kijana anabaki na ukurasa ambao nusu ya maneno yake hayajui, na anaweza kudhani kuwa kinachomshinda ni Baiolojia, kumbe ni Kiingereza. Ndiyo maana katika bajeti ya vitabu naweka kamusi nzuri ya Kiingereza na Kiswahili kabla ya kitabu chochote cha ziada, na ninawashauri wazazi watenge miezi mitatu ya mwanzo kwa ajili ya kitabu cha sarufi na hadithi fupi za Kiingereza chepesi, hata kama kijana atanung’unika kwamba anacheleweshwa. Mwenye kuruka hatua hii huishia kukariri aya nzima za notsi bila kujua zinasema nini, na swali likigeuzwa maneno mawili tu anapotea.

Kuhusu fasihi ya Kiswahili nina jambo la kusema kwa uchungu. Mtihani hutaja orodha ya riwaya, tamthiliya na diwani zinazopaswa kusomwa, lakini kinachonunuliwa zaidi ni vitabu vya uchambuzi, ambavyo humpa kijana dhamira, wahusika na tamathali za semi zikiwa zimekwisha kumenywa. Nimekutana na mtahiniwa aliyeweza kutaja dhamira tano za riwaya ambayo hajawahi kuishika mkononi. Kijana wa namna hiyo akiulizwa atoe hoja yenye mfano kutoka katika kisa, hutoa mfano uleule unaotolewa na maelfu ya wenzake, na mara nyingine hukosea jina la mhusika kwa sababu kijitabu chenyewe kilikosea. Riwaya mbili, tamthiliya mbili na diwani mbili si mzigo mkubwa kwa mtu mwenye mwaka mzima mbele yake. Zinunuliwe zenyewe, zisomwe zenyewe, na uchambuzi uje mwishoni, kama utahitajika.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vitabu vya Kenya. Vile vya Hisabati vya mfumo wao wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, vina mazoezi mengi na maelezo mazuri, nami huvikubali kama vitabu vya ziada kwa aliyekwisha kuielewa mada. Lakini mfumo wenyewe unafikia tamati, kwani kundi la mwisho litafanya mtihani wake wa Kidato cha Nne mwaka 2027, na mpangilio wa mada haufanani na wetu. Historia na Jiografia za huko zisitumike kabisa kumwandaa mtahiniwa wa Tanzania. Vitabu vya Cambridge ni vya mtihani mwingine, na mzazi asivinunue kwa sababu tu karatasi yake inapendeza.

Sayansi kwa vitendo haitapatikana kitabuni. Anayetaka Fizikia, Kemia na Baiolojia atafute kituo chenye maabara mapema, na kama hakuna, afikirie upya masomo aliyoyachagua.

Hilo la kuchagua masomo linagusa vitabu kuliko watu wanavyodhani. Mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo yake zinazomsaidia, ilhali mtahiniwa wa kujitegemea anategemea karatasi ya mtihani peke yake. Mwenye lengo la Kidato cha Tano anahitaji angalau masomo matatu ya daraja la C kwenda juu, na yawe yanakubaliana na tahasusi anayoitaka, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita; tahasusi hizo tangu mwaka 2024 zimeongezeka hadi 65. Kwa familia yenye fedha ya vitabu sita, ni busara kununua vitabu vizuri vya masomo yatakayombeba kijana kuelekea tahasusi yake kuliko kununua vijitabu kumi na viwili vya kila somo lililoko sokoni. Nimewaona wazazi wakipima maandalizi kwa urefu wa rundo la vitabu juu ya meza. Mimi hupima kwa madaftari ya mazoezi yaliyojaa, kwa kuwa kitabu kimoja kilichofanyiwa mazoezi yote hadi mwisho kimemfaa kijana kuliko vitano vilivyosomwa sura ya kwanza.

Baada ya kusema na wazazi, nina maombi kwa wenye mamlaka. La kwanza ni kwa TET na wachapishaji wote: andikeni kwenye jalada la mbele, kwa herufi zinazoonekana, muhtasari wa mwaka gani kitabu kinaufuata. Sasa hivi taarifa hiyo imefichwa katika kurasa za ndani, kama ipo, na mama anayeuza mboga ili anunue kitabu hawezi kuitafuta kwenye utangulizi ulioandikwa kwa Kiingereza. La pili ni kwa wauzaji: kitabu cha mtaala uliopitwa kiuzwe kwa kuelezwa hivyo, kikiwa kwenye fungu lake, na asiyejua asiuziwe kana kwamba ni kipya. La tatu ni kwa Baraza la Mitihani na Bodi ya Huduma za Maktaba: taarifa za uchambuzi wa majibu na fomati za mitihani zichapishwe kwa karatasi na kuwekwa katika kila maktaba ya mkoa na wilaya, nakala mbili tatu zinatosha, pamoja na seti kamili ya vitabu vya kiada vya sekondari ambavyo haviazimwi nje, ili kijana asiye na simu wala bando aweze kuja asubuhi na daftari lake akazisoma. Vitabu hivyo tayari vimechapishwa na taarifa hizo tayari zimeandikwa kwa fedha za umma, na gharama iliyobaki ni ya kuchapa kurasa na kuzisafirisha. Ningependa kusikia kupitia ukurasa huu kama kuna mpango wa namna hiyo, na kama haupo, ni ofisi ipi tuiandikie.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro